Mapafu meusi hayamzuii mtoto wa Gredi ya 7

Kwa miaka mingi, kila nilipoalikwa shuleni kuzungumzia sigara, nilibeba picha mbili kubwa: pafu la waridi na pafu jeusi. Nilizitundika ubaoni, darasa likaguna, nami nikaendelea na saratani, moyo na kiharusi. Siku moja huko Kisauni, Mombasa, kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, babu yangu avuta tangu hajaoa, na hadi leo apanda mnazi." Darasa zima likamgeukia yeye. Hakuwa mjeuri. Alisema aliyoyaona kwa macho yake, na mimi nilikuwa nimemletea karatasi.

Nafanya kazi ya kinga ya tumbaku na nikotini kwa watoto wa miaka 12 hadi 15, zaidi hapa Pwani. Zile picha sizibebi tena, na nataka kuwaeleza walimu na wazazi sababu.

Mtoto wa miaka 13 haogopi ugonjwa wa miaka 50. Miaka 50 kwake ni umri wa watu wengine. Anachokiogopa ni kuachwa nje ya kundi leo saa nne, wakati wa mapumziko. Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wanaopitia tafiti za afya, walipitia tafiti 134 za kinga ya sigara mashuleni. Mipango iliyotoa habari tu za madhara haikuonyesha manufaa. Iliyosaidia ni ile iliyomfunza mtoto stadi za kuishi na watu, yaani kuamua, kujiamini na kuhimili shinikizo la wenzake.

Shinikizo lenyewe huwa haliji na sura mbaya. Rafiki yako wa tangu chekechea anakufungulia kiganja nyuma ya vyoo. Ndani mna kitu kama kalamu au flashi ya kompyuta, chanuka embe. Hiyo ndiyo vepu, sigara ya kielektroniki. Au ni kifuko kidogo cheupe cha nikotini, kinawekwa chini ya mdomo na mwalimu anaweza kufundisha kipindi kizima asikione. Au ni kuberi, tumbaku ya kuwekwa mdomoni. Au ni sigara moja, imenunuliwa kibandani moja moja kama peremende. Rafiki huyo hana nia mbaya hata kidogo. Anakugawia kama anavyokugawia viazi karai.

Nikotini, kile kilichomo kwenye tumbaku kinachomnasa mtumiaji, ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na ubongo wa mwanadamu huendelea kujijenga hadi karibu miaka 25. Ndiyo maana mtoto hunaswa upesi kuliko mtu mzima. Wapo wanaoanza kuona hamu, hasira na kukosa utulivu kabla hata hawajafikia kuvuta kila siku. Mzazi akiniambia "ajaribu tu," mimi humuuliza: anajaribu tangu lini, na asipopata anakuwaje?

Sasa darasani naanza na vikaratasi. Hakuna jina, swali ni moja: kati ya vijana kumi wa rika lako nchini Kenya, wangapi wanatumia tumbaku ya aina yoyote? Nakusanya kwenye kofia na kusoma kwa sauti. Sita. Tano. Saba. Sita. Nane. Halafu nawaambia kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 ulipata takriban mmoja katika kumi. Uchunguzi huo una miaka yake, na hilo pia nawaambia. Lakini tazama nyuso zao. Mtoto aliyeamini kwamba yeye peke yake ndiye hajaonja anagundua kuwa yuko na wengi. Kimya kile kina nguvu kuliko picha zangu zote mbili za zamani.

Kisha tunaigiza. Mmoja anashika kalamu ya wino, ndiyo vepu, mwengine anapewa. Mara ya kwanza jibu huwa lilelile: "Hapana, uvutaji ni hatari kwa afya yangu." Wote huangua kicheko, na wana haki, kwani hakuna mtoto wa Likoni anayezungumza hivyo na rafiki yake. Nawaachia watafute wenyewe. Msichana mmoja alisema, huku akipangusa mkono wa mwenzake kando: "Toa hapa bwana, nina mechi saa kumi. Waja kutazama?" Tulirudia jibu hilo mara sita. Amekataa kitu, urafiki ameushika, na hajamhubiria mtu. Sentensi kama hiyo lazima iwe imeshatoka kinywani mwako kabla ya siku yenyewe, kwa sababu siku yenyewe hupewi muda wa kufikiri. Mwalimu asiyekuwa na nafasi kwenye ratiba akibakiwa na dakika ishirini tu, azitumie hapa.

Nani aongoze? Shule nyingi huniletea viranja. Mimi naomba tusubiri. Kusini-magharibi mwa Uingereza na huko Wales kulifanywa utafiti katika shule 59, ukachapishwa mwaka 2008, unaojulikana kwa jina la ASSIST. Wanafunzi wa miaka 12 na 13 waliulizwa nani miongoni mwao wanamheshimu na kumsikiliza. Waliotajwa zaidi walifunzwa siku mbili nje ya shule, kisha kwa wiki kumi wakazungumza na wenzao kawaida tu, njiani, mezani, kwenye basi. Katika miaka miwili iliyofuata, uwezekano wa mwanafunzi wa shule hizo kuwa mvutaji ulipungua kwa takriban asilimia 22 ukilinganisha na shule nyingine. Kwenye orodha kama hizo huwamo watoto ambao mwalimu asingewachagua kamwe: mcheshi, mchelewaji, yule anayetolewa nje kila Ijumaa. Nawasihi walimu wasifute jina. Huyo ndiye anayesikizwa.

Jambo jingine linalowagusa ni kugundua kwamba wanawindwa. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Nauliza tu: biashara inayozika wateja wengi hivyo itatoa wapi wapya? Wanajibu wenyewe, na hasira yao ni ya kweli. Jimbo la Florida, Marekani, lilianza kampeni ya kuwafichua wauza tumbaku namna hiyo mwaka 1998, kwa sauti za vijana wenyewe. Kufikia mwaka 2000, wavutaji katika shule za kati huko walishuka kutoka asilimia 18.5 hadi 11.1. Kwa sababu hiyohiyo, mwalimu mkuu asikubali somo la kinga linalodhaminiwa na muuza nikotini. Julai 2019 wanafunzi wawili wa New York walieleza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani jinsi mtu aliyejitambulisha kuwa wa Juul, kampuni ya vepu, alivyozungumza darasani kwao, walimu wakiwa wametoka, na kuwaambia kwamba bidhaa hiyo ni salama kabisa.

Kuna jambo linaloniuma. Katika shule moja niliyoifanyia kazi, mvulana wa Gredi ya 8 alikamatwa na vepu akafukuzwa wiki mbili. Mama yake yuko sokoni kutoka alfajiri. Mtoto alikaa wiki mbili stegi ya bodaboda, pale pale alipoipatia. Aliporudi hakuweza kumaliza kipindi cha dakika arobaini bila kuomba ruhusa ya kutoka. Tulimtuma kwenye duka la tatizo lake na kuita hiyo nidhamu. Kifaa kichukuliwe, mzazi aitwe, sawa. Lakini mtoto abaki shuleni, apate mtu mmoja wa kumuona kila siku, hasa siku tatu nne za mwanzo, ambapo hamu huwa kali. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Nimalizie nje ya lango, maana darasa peke yake halitoshi. Huko jimbo la Washington, Marekani, watoto zaidi ya 8,000 walifuatiliwa tangu gredi ya tatu hadi miaka miwili baada ya kumaliza shule, wengine wakifunzwa darasani kukataa sigara na wengine bila somo hilo, na matokeo ya mwaka 2000 hayakuonyesha tofauti kati yao. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Basi mwalimu wa zamu atoke saa saba, ahesabu hatua hadi kibanda cha kwanza, aone mkebe wa sigara zilizofunguliwa uko wapi. Nilifanya hivyo mwezi uliopita na mwalimu mmoja: hatua sitini na nne. Mama mwenye kibanda alitukaribisha vizuri. Nilimuuliza kama mwanawe asoma hapo. "Wawili," akasema, akauchukua ule mkebe kutoka karibu na peremende, akauweka chini ya meza.