Mtoto Ana Mashavu, Lakini Amedumaa: Kwa Nini Mizani Peke Yake Haitoshi

Mama akitoka kwenye foleni ya mizani kliniki, wenzake humuuliza, "Kaongezeka kilo ngapi?" Sentimita hazina anayeziuliza. Kwenye kadi nyingi tunazozipitia sisi watu wa lishe, uzito umejazwa mwezi hadi mwezi, na sehemu ya urefu iko tupu tangu siku mtoto alipozaliwa. Hapo ndipo udumavu hupita bila kuonekana. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Anaweza kuwa na mashavu, anacheza, anamaliza ugali wake, na uzito wake unaendana vizuri na kimo chake. Tatizo ni kimo chenyewe: ni cha mtoto mwenye umri mdogo kuliko wake.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumepiga hatua, maana mwaka 2010 walikuwa asilimia 42. Lakini tazama mikoa iliyoongoza: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vipo, maziwa na parachichi vinapakiwa kwenye malori kwenda mjini. Anayedhani udumavu ni njaa tu atashindwa kuielewa Iringa.

Hoja tunayoisikia sana huko ni kwamba "ukoo wetu ni wafupi." Kwa mtoto mdogo hoja hiyo haina nguvu kama watu wanavyoamini. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, waliokuwa wananyonya vizuri, wanakula vizuri na mama zao hawavuti sigara. Watoto wa Accra, Muscat na Oslo walirefuka kwa mwendo unaokaribiana sana. Chati zilizotokana na kazi hiyo, zilizotolewa mwaka 2006, ndizo zinazotumika kliniki zetu leo. Katika miaka mitano ya kwanza, chakula, maradhi na matunzo huamua tofauti kati ya jamii na jamii kuliko ukoo. Kijiji kizima kikiwa na watoto wafupi, kila mzazi humwona wake yuko sawa, kwa kuwa anamlinganisha na wa jirani ambaye naye amedumaa.

Kwa hesabu za kawaida, mtoto huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50. Mwaka wa kwanza huongeza kama 25, wa pili kama 12. Akitimiza miaka miwili anatarajiwa kuwa na sentimita 86 hadi 88. Wa kiume akiwa chini ya 81.7 katika umri huo, au wa kike chini ya 80, tunasema amedumaa. Kwa macho huwezi kuiona tofauti ya sentimita tano au sita, hasa kama mtoto yuko mgongoni.

Kipimo chenyewe nacho kina namna yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala kwenye ubao, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja, mara nyingi mama mwenyewe, anashika kichwa kiguse ubao wa juu na macho yatazame dari. Wa pili ananyoosha magoti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anasogeza kibao hadi kiguse nyayo zote mbili. Viatu na kofia vinavuliwa, na msuko ulioinuka utosini unafumuliwa. Goti likikunjwa kidogo tu, sentimita mbili zimepotea, na mtoto mzima anaandikwa amedumaa, au mwezi unaofuata anaonekana kama kaota ghafla. Mama, una haki ya kuomba kipimo kirudiwe. Tena kipimo kimoja kinakuambia mtoto yuko wapi leo, ila viwili vilivyoachana miezi kadhaa ndivyo vinavyosema anakwenda au amesimama.

Udumavu huanza tumboni. Mjamzito aliyeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita, anayelima hadi wiki ya kujifungua, hali nyama wala dagaa, na vidonge vyake vya madini ya chuma vimebaki kabatini, yuko hatarini kujifungua mtoto wa chini ya kilo 2.5, na mtoto huyo anaanza safari akiwa nyuma. Hatari huzidi kama mama mwenyewe ni binti ambaye mwili wake bado unakua.

Kisha unakuja mwezi wa sita, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto hadi miezi sita. Baada ya hapo anapewa uji, na uji wenyewe aghalabu ni mwepesi kiasi cha kunyweka kwa kikombe. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama robo lita. Likijazwa maji yenye unga kidogo, ameshiba na hajala. Chota uji kwa kijiko, ukiinamishe: ukitiririka kama chai, ongeza unga. Halafu uboreshe, kwa yai, dagaa waliosagwa, maziwa, karanga, au parachichi ambalo mwaka huu hukulipeleka lote sokoni. Miezi sita hadi minane, milo miwili au mitatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mitatu au minne, pamoja na kitu cha katikati kama ndizi. Na aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Kuna huu unga unaoitwa wa lishe, unaochanganywa mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vikasagwa pamoja. Wazazi hujinyima ili waununue, na nia yao ni njema. Lakini nafaka tano bado ni kundi moja la chakula. Kuziongeza hakuleti kile kinachokosekana, yaani nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda. Karanga zikisagwa na kuwekwa wiki nyingi huharibika mapema na kuuharibu unga wote. Chagua nafaka moja, isage peke yake, mengine yaongeze jikoni wakati wa kupika.

Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Dozi ndogondogo za kila siku haziui papo hapo, ila zimehusishwa na watoto kudumaa, na kuchemsha uji hakuiondoi. Anika juu ya turubai, si ardhini, na punje zilizobadilika rangi au kuvunjika usizitenge kwa ajili ya uji wa mtoto. Tunaona hilo likifanyika: mahindi mazuri yanauzwa, yaliyobaki yanasagwa nyumbani.

Kuhara nako kunarudisha nyuma. Mtoto anayetambaa penye kinyesi cha kuku, akatia vidole mdomoni, utumbo wake huumia taratibu na kushindwa kufyonza chakula, hata siku ambazo haharishi. Kwa hiyo choo, sabuni na mkeka safi wa kuchezea ni sehemu ya lishe.

Lipo pia jambo la muda, ambalo akina baba mnapaswa kulisikia. Msimu wa kilimo mama anatoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto anaachwa na dada yake wa miaka minane. Huyo dada atampa kilichopo, mara moja. Mama akipunguziwa ndoo za maji na shamba la mbali, mtoto anapata milo miwili zaidi kwa siku bila mtu kutoa shilingi.

Si kila mtoto anayekua polepole ana upungufu wa lishe. Kuanzia miaka minne hadi kubalehe, mtoto huongeza sentimita tano hadi sita kwa mwaka. Akiongeza chini ya nne, apelekwe hospitali hata kama anakula vizuri. Huko wataangalia selimundu, magonjwa ya moyo na figo, kifua kikuu, VVU, na tezi ya shingo ambayo ikifanya kazi kidogo humfanya mtoto awe mfupi, mzito na mchovu. Msichana mfupi asiye na sababu nyingine apimwe vinasaba, kwani wapo wanaozaliwa na upungufu kwenye kromosomu ya X. Kama wazazi ni wafupi na mtoto anaongeza sentimita zake kila mwaka bila kukwama, hapo ukoo una nafasi yake. Jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita, ongeza 13 kwa mvulana au ondoa 13 kwa msichana, kisha gawa kwa mbili. Utapata makadirio ya urefu wake wa utu uzima. Na wapo wavulana ambao mifupa yao inachelewa tu, hubalehe nyuma ya wenzao kisha huwafikia. Picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto huonyesha umri wa mifupa na kumaliza ubishi.

Tezi ya shingo hutibiwa kwa kidonge cha kila siku. Upungufu wa homoni ya ukuaji huhitaji sindano, mara nyingi za kila siku, kwa miaka, na ni ghali. Tiba zote mbili hurefusha tu wakati ncha za mifupa bado ziko wazi, yaani bado zinakua. Mtoto anayeletwa akiwa darasa la pili tunaweza kumsaidia sana, na anayeletwa akiwa kidato cha tatu mara nyingi amechelewa. Baada ya chanjo ya surua ya miezi 18 wazazi wengi huacha kliniki kabisa, na kadi haifunguliwi tena. Endeleeni kuja hadi miaka mitano, na kila mara nesi anapomaliza kuandika kilo, mwombeni aandike na sentimita.