Marejeo hewa ni nini, na kwanini AI inakupa bila hata kupepesa macho

Wabongo neno "hewa" tunalijua vizuri. 2016 Magufuli alipoanzisha msako wa wafanyakazi hewa yakaibuliwa majina zaidi ya 10,000, yapo kwenye orodha ya mishahara, yana vyeo, hela inatoka kila mwezi, ila ukienda ofisini kumuulizia mwenyewe hayupo. Marejeo hewa ndo hivyo hivyo. Ni makala au kitabu kilichopo kwenye orodha ya marejeo mwisho wa tasnifu yako, kina mwandishi, mwaka, jina la jarida, toleo na kurasa, kimekaa vizuri kabisa kwa mtindo wa APA, ule wa kupanga marejeo, ila ukikitafuta hakipo. Hakuna mtu aliyewahi kukiandika.

Watu wanasema AI "imedanganya", mi naona hilo neno linaipa heshima isiyo yake, maana mwongo anaujua ukweli anaouficha. Hizi kina ChatGPT kazi yao ya msingi ni kukisia neno gani lifuate, kutokana na maandishi mengi mno zilizofundishwa nayo. Na rejeo lina umbo lake: jina la ukoo, herufi, mwaka kwenye mabano, kichwa, jarida, namba. Umbo hilo AI imelikariri, kwa hiyo ukiomba marejeo kumi itajaza umbo mara kumi. Ukiuliza malaria itapatia mara nyingi kwa sababu malaria imeandikwa mpaka basi, sasa wewe uliza mambo ya kijijini kwenu ambayo hayana maandishi mengi mtandaoni, hapo ndo inaanza kupika. Za siku hizi zinaweza kuingia intaneti kutafuta na hiyo inasaidia kwa kweli, ila bado unaweza ukapewa makala iliyopo halafu imebebeshwa maneno ambayo haikuyasema, na hiyo ndo mbaya zaidi maana ukigugo unaiona ipo unatulia.

Kuna dogo wa mwaka wa tatu aliniletea sura ya pili ya risechi yake nimsomee, mada ni VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na akina mama wa wilaya moja huko Rukwa. Pembeni ya aya ya kwanza, penye rejeo moja, supavaiza kaandika kwa peni nyekundu: "Hii unayo?" Basi, hakuna kingine. Dogo ananiambia, bro mbona niliiuliza AI ikasema ni ya kweli. Tukaingia kwenye simu, bando langu tena. Mwandishi yupo, jarida lipo, na toleo lenyewe lipo, tukafungua ukurasa uliotajwa tukakuta makala ya mtu mwingine kabisa kuhusu bei ya mahindi. Yani kila kipande cha kweli, vilivyounganishwa pamoja ndo hewa.

Na hilo la kuiuliza yenyewe, ni sawa na kumuuliza aliyepika orodha ya mishahara kama majina yote yapo, atakwambia yapo bosi. Siyo wanafunzi tu walionaswa hapo. New York 2023, kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, abiria anasema aligongwa goti na kitoroli cha vyakula ndani ya ndege, wanasheria wake wakapeleka mahakamani hukumu za zamani walizopewa na ChatGPT, na mmoja wao alishaiuliza kama hizo kesi ni za kweli ikamjibu ndiyo. Hazikuwepo. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000.

Kukagua siyo kazi kubwa, ni kazi ya kuchosha tu. Makala nyingi za sasa zina DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, ibandike kwenye doi.org, ikikupeleka kwenye kitu kingine au ikikosekana anza kushtuka. Isipokuwa usikimbilie kusema hewa kwa sababu tu DOI hamna, majarida yetu mengi ya zamani hayana, jarida la Kiswahili kama Mulika la miaka ya 1970 utalifuata kwenye rafu ya maktaba. Jaribu na AJOL (African Journals Online), ni tovuti yenye majarida mengi ya Afrika. Ukishaipata ifungue usome hata kurasa mbili tatu uone kama kweli inasema unachosema inasema. Hapo sasa AI ina faida, mpe ile PDF uliyoipata mwenyewe akueleweshe jedwali gumu, au muombe maneno ya kutafutia, mimi sioni dhambi yoyote hapo, mradi chuo chako kinaruhusu na umeandika kwamba umeitumia.

Dogo alikuwa na marejeo 23, tulipomaliza yakabaki 14, karibu alie. Kesho yake akaenda maktaba ya chuo, mkutubi mmoja mama mtu mzima akamuuliza mada, akaingia ndani akarudi na tasnifu ya umahiri ya zamani yenye jalada jeusi, ya VICOBA, wilaya ile ile. Haikuwahi kuwekwa mtandaoni. Dogo akanitumia picha ya jalada WhatsApp, chini kaandika: "bro hii ninayo".