Fangasi wa kucha: mbona dawa ya kupaka haifiki?

Nimepaka krimu ya fangasi miezi 3, kucha iko vilevile. Dawa ni feki?

Huenda ni dawa nzuri tu, ila ilitengenezwa kwa ajili ya ngozi. Kucha ya mguu ina unene wa milimita 1 hivi, ina mafuta kidogo mno ya kuibeba krimu, na imeshonana kwa keratini ngumu, yaani protini inayounda kucha. Kinachopenya ni molekuli ndogo inayopatana na maji. Hata hiyo, nyingine hunaswa na keratini njiani, na fangasi walio chini hawaguswi. Kucha ikinenepa ndiyo kabisa.

Nifanyeje ipenye?

Kata kwanza sehemu iliyoachana na nyama, mpaka pale pasipouma; dawa haivuki uwazi huo. Kisha sugua uso wa kucha kwa tupa hadi upungue, futa vumbi kwa spiriti, acha pakauke. Hapo paka amorolfini 5%, dawa ya fangasi ile inayopakwa kama rangi ya kucha, mara 1 au 2 kwa wiki. Kila unaporudia, ondoa tabaka la zamani. Tupa hiyo usiitumie kwenye kucha zisizo na ugonjwa: utazipandikizia fangasi.

Imekuwa nene mno, tupa haifui dafu.

Tumia mafuta ya yurea 40%, dawa inayolainisha kucha. Zungushia ngozi vaselini, paka yurea juu ya kucha tu, funika kwa plasta isiyopitisha maji saa 24. Kesho yake loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kwangua kilicholainika, rudia kwa wiki 1 hadi 3. Ngozi ikichubuka, pumzika. Yurea inafungua njia tu. Dawa ya fangasi lazima ifuate.

Na jiki?

Hapana. Inaunguza ngozi.

Nitapona lini?

Kucha ya mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu miezi 9 hadi 12 au zaidi. Tazama shinani: kipande kipya kikitoka safi, inafanya kazi. Wengi huacha mapema, na fangasi hurudi.

Lini niende hospitali?

Ugonjwa ukifika shinani, au ukishika kucha nyingi, vidonge vinahitajika. Omba kucha ipimwe maabara kwanza, maana soriasi (ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi) na viatu vya kubana pia huinenepesha. Mwenye kisukari asijikate wala kujikwangua mwenyewe. Kidonda kidogo cha mguu kwake ni hatari.