Usiwafiche Wapenzi Chini ya Daraja

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja, undugu wetu ni wa vitabu tu, alinitumia muswada wa riwaya yake ya mapenzi. Wahusika wake wawili ni wawinda dhoruba wa Oklahoma, Marekani, watu wanaoendesha gari mamia ya kilomita kuifuata mvua ambayo mwenye akili zake anaikimbia. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, wewe ndiye mtu wa hali ya hewa. Nisahihishie upepo, mapenzi niachie mimi."

Nilijaribu, sikuweza. Nilisomea Norman, Oklahoma, na kwa misimu miwili nilikaa kiti cha abiria nikimsomea dereva rada. Katika kazi ile ukikosea upepo umeshaharibu na mapenzi.

Tuanze na neno. Yeye kaandika "kimbunga" tangu ukurasa wa kwanza. Kwa msomaji wa Mafia au Dar, kimbunga ni Hidaya ya Mei 2024, kitu kikubwa cha baharini kinachofuatiliwa kwa siku kadhaa kabla hakijafika. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi hadi ardhini, hutoka tumboni mwa wingu moja la radi, na nyingi hazimalizi hata dakika 10. Chamchela nayo si yenyewe, maana ile huinuka na vumbi kutoka ardhi iliyochomwa na jua, bila wingu juu yake. Nikamwambia abaki na "tonado", msomaji atazoea.

Sasa daraja. Tonado inakuja, wapenzi wanaacha gari katikati ya barabara kuu, wanakimbilia chini ya daraja, na hapo ndipo busu la kwanza. Najua alikolitoa. Ipo video ya mwaka 1991, iliyopigwa Kansas, ya watu waliojibana chini ya daraja wakatoka wazima. Ilizunguka dunia nzima. Wale walikuwa na bahati tu. Tarehe 3 Mei 1999, Oklahoma, watu walijificha chini ya madaraja vilevile, na 3 wakafa. Upepo ukifika pale unabanwa na kuongeza kasi, ukiwa umebeba mbao, mabati na vioo vya nyumba za watu. Anayepanda hadi juu kabisa, chini ya sakafu ya daraja, amejipeleka upepo unakozidi ukali. Halafu magari yaliyotelekezwa huziba njia ya wengine wanaokimbia. Mwinda dhoruba akimwona mwenzake anaelekea darajani hambusu, anamvuta shati.

Daraja jingine ni lile la nguvu. Shujaa wetu anaitazama tonado kupitia kioo cha mbele na kupiga kelele kwamba ni ya daraja la 5. Hawezi kujua. Kipimo alichokianzisha Tetsuya Fujita mwaka 1971, na ambacho Marekani inakitumia kwa sura mpya tangu 2007, hupanga tonado kutoka 0 hadi 5 kwa kuangalia uharibifu uliobaki. Wakaguzi huja baadaye, wakatazama jinsi nyumba ilivyokuwa imefungwa kwenye msingi wake ndipo wakisie kasi ya upepo. Tonado ya El Reno, Oklahoma, ya tarehe 31 Mei 2013 ilipata 3, ingawa rada zilizobebwa na magari zilipima humo upepo uliozidi kilomita 450 kwa saa. Ilipita zaidi mashambani, na shamba halina ukuta wa kukaguliwa.

El Reno ndiyo niliyomsihi aisome kabla hajagusa sura nyingine. Ilitanuka hadi kilomita 4.2, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa, ikabadilisha mwelekeo na kuongeza mwendo ndani ya muda mfupi mno. Mtu aliyekuwa mbele yake aliona ukuta wa mvua tu. Iliwaua mtafiti wa tonado Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, na hawakuwa vijana wa kutafuta sifa. Mwaka 2003, huko South Dakota, kifaa cha Samaras kilichotegwa njiani mwa tonado kilirekodi mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 100.

Hapo kuna jambo ambalo mwandishi wa mapenzi angelichukua bure. Rada kubwa za Marekani huchukua dakika kadhaa kuzungusha skani nzima ya anga, kwa hiyo picha iliyo mapajani mwa msoma rada ni ya wingu lilivyokuwa, na dereva anaendesha kwenye wingu lilivyo. Mmoja anasema "tushuke kusini sasa," mwingine mbele yake anaona anga jeupe na barabara kavu. Atii? Miezi miwili nilikuwa nasema "geuza" kwa mtu ambaye hakuniuliza sababu hata mara moja. Simsemi zaidi.

Na muda mwingi hakuna dhoruba. Mnaamka, mnatazama vipimo vya puto la hali ya hewa lililorushwa asubuhi, mnachagua kaunti, mnaendesha, halafu mnakaa sheli mkila chipsi baridi. Juu kuna tabaka la hewa ya joto linaloizuia hewa yenye unyevu isipande, kama mfuniko juu ya sufuria. Ikifika saa kumi jioni mfuniko ukaachia, wingu linapanda kilomita zaidi ya 10 ndani ya saa moja hivi. Usipoachia, mnarudi na jua lenu, kilomita 400, mkigombana nani alichagua barabara ya magharibi. Mapenzi ya kazi ile ninayoyajua mimi yaliota sheli, na mengine yalifia hapohapo.

Aliniuliza kwa nini asiwahamishie Mwanza, Ziwa Victoria si lina radi za kutosha? Zipo, tena za usiku, na wavuvi wanazilipia kwa maisha yao. Ila kule Oklahoma upepo wa chini hutoka kusini ukiwa na unyevu wa Ghuba ya Mexico, na ule wa juu hutoka magharibi kwa kasi kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayolizungusha wingu zima. Karibu na ikweta kwa kawaida pepo hazitofautiani kiasi hicho.

Juzi kanirudishia sura ya 9. Daraja limeondoka. Wapo sheli, Texas kaskazini, anga halina hata doa, na yule binti anafuta kioo ambacho hakijachafuka. Nikaisoma mara mbili. Ukurasa unaofuata wingu linaachia, na kijana analiingia kutoka kaskazini, moja kwa moja kwenye mvua ya mawe, haoni chochote, wakati tonado ikiwapo hukaa upande wa kusini magharibi. Nimemwandikia: "Mdogo wangu, wazungushe wapitie mashariki." Bado hajajibu.