Vichaka kwenye shamba la waini: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

DHANA: Vichaka vinavyoonekana pembeni ya mizabibu ni eneo la bure, mwenye shamba kaishiwa hela ya kulima.

UKWELI: Sio kweli, hasa ukiongelea Western Cape kule Afrika Kusini ambako ndo karibu waini yote ya nchi ile inatoka. Mkoa huohuo una aina kama 9,000 za mimea na karibu asilimia 70 haipatikani kwingine kokote duniani. Wanaiita fainbosi, vichaka vya majani membamba magumu, kwa mbali huoni cha maana kabisa. Ndugu yake renostafeldi, aina nyingine ya vichaka vya hukohuko, ndo yuko hoi zaidi, maana yeye huota kwenye udongo wenye rutuba huku mabondeni, sasa ngano na mizabibu nayo inataka udongo huohuo, basi kule tambarare imebaki chini ya asilimia 10, tena vipande vipande ndani ya mashamba ya watu. Hifadhi nyingi za serikali ziko milimani, kwahiyo mkulima asipokilinda kile kipande chake hakuna mwingine wa kukilinda. Kuna kobe mmoja mdogo mwenye michoro ya nyota mgongoni, yuko hatarini kutoweka, makazi yake ndo hayohayo.

DHANA: Kuhifadhi ni kupanda miti.

UKWELI: Hapa wengi watashangaa, wakulima wa kule wanaikata! Miwati ileile tunayoijua Njombe, pamoja na misonobari, kule ni wavamizi, inakunywa maji kuliko fainbosi na inaifunika mpaka inakufa. Shamba la Vergelegen, karibu na Somerset West, lilianza kazi hii kwa nguvu mwaka 2004 na limesafisha zaidi ya hekta 2,000. Na usidhani ukishakata umemaliza, kisiki cha muwati usipokipaka dawa kinachipua, halafu mbegu zake zinalala ardhini miaka na miaka zikisubiri, kwahiyo unarudi tena na tena kung'oa miche. Ni gharama kwelikweli.

DHANA: Moto ukipita basi kwisha habari.

UKWELI: Fainbosi bila moto inazeeka na kupungua. Protea nyingi, vile vichaka vya fainbosi vyenye maua makubwa, hufungia mbegu zao kwenye vichwa vikavu vya maua, vinafunguka baada ya kuungua, na mbegu nyingine zinaamshwa na moshi. Nyingine zina kinundu cha mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, wanaibeba mbegu mpaka shimoni kwao, wanakula kile kinundu na mbegu inabaki salama chini moto ukija. Ila ukiwaka kila baada ya miaka michache inakuwa balaa, mimea michanga inaungua kabla haijazaa mbegu.

DHANA: Hayo yote ni matangazo tu ya kuuzia chupa.

UKWELI: Biashara ipo ndani, tusidanganyane. Baada ya 1994 soko la nje lilifunguka, mizabibu ikaanza kupanda milima, ndo mwaka 2004 wenye waini na watu wa mazingira wakaja na mpango ambao WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira, inauendeleza mpaka leo: mkulima anaahidi kutunza asili iliyobaki, na yeye anapata alama ya kujitangazia. Mi sioni ubaya hapo.

DHANA: Alama hiyo maana yake zabibu hazikupigwa dawa.

UKWELI: Hapana. Hiyo ni ya kutunza ardhi, zabibu za kilimo hai zina cheti chake kingine.