Nusu ya nini? Kusoma matokeo ya jaribio la tohara la Kisumu
Wapo wahudumu wa afya wanaosikia kwamba tohara hupunguza maambukizi ya VVU kwa takriban nusu, wakaelewa kuwa kati ya wanaume 100 waliotahiriwa, 50 hawawezi kuambukizwa. Sivyo. Katika jaribio la Kisumu, Kenya, lililochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha wanaume 2,784, walioambukizwa ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 4.2 katika kundi lililosubiri kutahiriwa baadaye na asilimia 2.1 katika kundi lililotahiriwa. Iliyopungua nusu ni hatari ya kila mmoja, kwa hiyo mteja anayeuliza, “Daktari, sasa niache kondomu?” ajibiwe hapana, bila kusitasita. Tofauti halisi ni watu 2 hivi katika kila 100, yaani hutahiriwa takriban 48 ili kuzuia ambukizo moja kwa muda huo, na pale maambukizi yalipo machache idadi hiyo hupanda.