Nafasi ya simu imejaa: picha za familia ziende wapi?

Simu ikionya kuwa nafasi imejaa, wengi hubonyeza kile kitufe cha Google Photos kinachoahidi kuongeza nafasi. Programu haidanganyi: huondoa kwenye simu zile picha tu zilizokwisha kupakiwa mtandaoni. Lakini kabla ya kubonyeza ulikuwa na nakala mbili, na sasa umebaki na moja. Nayo iko ndani ya akaunti yenye nenosiri ulilolisahau, iliyofungwa kwa namba ya simu ambayo pengine uliacha kuitumia na imeshapewa mtu mwingine.

Kupakia mtandaoni namna hii ni kusawazisha, yaani kufanya simu na mtandao vifanane, na kusawazisha hubeba pia makosa. Mtoto akifuta picha ndani ya programu hiyo hiyo, zinafutika mtandaoni na kwenye kila kifaa kilichounganishwa. Kwa Google Photos, picha zilizokwisha kupakiwa hukaa kwenye tupio siku 60; kwa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, takriban siku 30. Ukigundua baadaye ya hapo, hazipo. Nafasi ya bure nayo ni ndogo: tangu 1 Juni 2021 picha zote mpya huhesabiwa ndani ya GB 15 za Google, ambazo zinagawanywa na barua pepe na Drive, na kwenye Android na nakala za WhatsApp pia. iCloud hutoa GB 5 tu. Nafasi ikijaa, picha mpya huacha kupanda bila kelele, na mwenye simu huendelea kuamini kuwa ziko salama. Fungua pia mipangilio uone ni folda zipi zinapakiwa, kwa sababu folda ya WhatsApp kwa kawaida haimo mpaka uiwashe mwenyewe.

Kanuni inayofuatwa na watunza kumbukumbu, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, ni 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe nje ya nyumba. Hiyo ya nje ndiyo watu huipuuza. Mwizi anayebeba laptopu hubeba na diski iliyo kando yake, na maji ya mafuriko hayachagui droo. Kwa familia ya kawaida inatosha kuwa na mkusanyiko mkuu kwenye kompyuta, diski moja nyumbani, na diski nyingine kwa ndugu au akaunti ya mtandaoni ya kulipia.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu. Picha ya megapikseli 12 huwa kati ya MB 3 na 5. Wanaopiga picha 400 kwa mwezi hujaza takriban GB 19 kwa mwaka. Mlaji mkubwa ni video: kwenye iPhone, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 hula takriban MB 170, kwa hiyo saa nzima ya harusi hupita GB 10. Kwa wengi TB 1 inatosha kwa miaka kadhaa, na ni heri diski mbili za TB 1 kuliko moja ya TB 2. Anayetaka kupandisha kila kitu mtandaoni naye ajue kuwa GB 100, kwa kasi ya kupakia ya Mbps 5, huchukua saa 44 bila kukatika. Si kazi ya bando la siku.

Flashi na kadi za memori si mahali pa kutunza, ni vyombo vya kubebea tu. Halafu kuna za bandia, zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa TB 2 huku ndani zikiwa na GB 32. Kidhibiti chake, yaani chipu inayokiendesha chombo, kimeprogramiwa kudanganya kompyuta. Ukivuka uwezo wake wa kweli, majina ya mafaili yanaonekana lakini picha hazifunguki, au mpya zinaandikwa juu ya za zamani. Pima kabla ya kutumia: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Programu hizi hujaza chombo kizima kisha husoma kilichoandikwa. Kwa kadi halisi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuijaza tu huchukua karibu saa nzima.

SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni nzuri kwa kazi za kila siku, lakini si ya kufungia kabatini kwa miaka, kwani data yake ni chaji ya umeme inayovuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Kiwango cha JEDEC, chama cha viwango vya vifaa vya elektroniki, kinadai kuwa SSD ya kawaida, ikishafika ukomo wake wa kuandikwa, ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzijoto 30. Joto hilo ni la kawaida chumbani Mombasa au Dar es Salaam. Kwa kuhifadhi, tumia diski ya kuzunguka (HDD), ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana na vipakiti vya silika, na uiwashe angalau mara mbili kwa mwaka.

Kuhamisha ndiko kunakopoteza picha nyingi. Usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati, hujui kilichobaki wapi. Nakili, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa kwa pande zote mbili, fungua picha chache na video moja mpaka mwisho, ndipo ufute kwenye simu, tena baada ya nakala ya pili kukamilika. iPhone ikigoma katikati ya kunakili kwenda Windows, nenda kwenye mipangilio ya Picha uchague kubakiza faili asilia, ili isijaribu kubadili umbo la kila picha njiani. Kwa wanaotumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili, /E (nakili na folda zote za ndani) inatosha. Ogopeni /MIR: hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea mpangilio wa diski, ile tupu itaisafisha iliyojaa.

Folda zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-20_Harusi-Tanga. Zitajipanga zenyewe kwenye kompyuta yoyote. Kwa picha za WhatsApp jina la faili lina thamani, kwa kuwa programu hiyo huondoa tarehe iliyofichwa ndani ya picha na kubakiza tu ile ya kutumwa au kupokelewa, kama IMG-20240817-WA0012. Pia huzibana. Anayekutumia picha unayotaka kuitunza aitume kama hati.

Diski ikimaliza kazi, ichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili ili udaiwe pesa kitaifunga nayo. Na ukitoka na flashi kwenye duka la kuchapisha picha ukakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, usiifomati. Mara nyingi picha zimefichwa tu. Zima kwanza kirusi kwa programu ya kinga, kisha kwenye dirisha la amri la Windows andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E.

Diski ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa tik-tik, jaribu kebo nyingine na tundu la USB la nyuma ya kompyuta, maana umeme mdogo huleta mlio huo huo. Mlio ukiendelea, zima diski. Usiitie kwenye friji wala kuifungua, na usiendeshe programu ya kuirekebisha, kwa kuwa kila dakika ya kuzunguka inaweza kuukwaruza uso wenye data. Kama haina mlio huo na bado inasomeka japo kwa kusitasita, toa kwanza folda zisizo na nakala nyingine, video baadaye.